Kimbunga kikija, si lazima watu wafe

"Ni mapenzi ya Mungu, mwanadamu atafanya nini?" Kauli hii huijia midomo yetu kila maji yanapobeba nyumba. Imani siigusi. Lakini dhoruba ni jambo moja na vifo ni jambo jingine, na Bangladesh imetuonyesha.

Novemba 1970 kimbunga kiliipiga pwani yake usiku, bahari ikafunika visiwa, wakafa watu wasiopungua 300,000. Mwaka 2020 kilipokuja kimbunga Amphan, waliokufa nchini humo hawakufika 100. Vimbunga havilingani nguvu, ni kweli, na hata mwaka 1991 walikufa zaidi ya 130,000. Kazi hii imechukua miaka mingi.

Kazi gani? Tangu 1972 shirika la misaada la Hilali Nyekundu na serikali wanaendesha mpango wa wanavijiji wa kujitolea, ambao sasa wamepita 70,000, karibu nusu wakiwa wanawake. Hatari ikikaribia wanapandisha bendera nyekundu: moja, kisha ya pili, kisha ya tatu. Wanapita nyumba kwa nyumba na vipaza sauti, wakiwasaidia wazee na wagonjwa wasioweza kutembea kufika kwenye majengo ya zege yaliyoinuliwa juu ya nguzo.

Kuna pia vilima vya udongo vilivyojengwa kwa ajili ya mifugo. Hilo ndilo linalonigusa zaidi, kwa sababu wengi walikuwa wakikataa kuondoka. Ng'ombe wako ni mmoja tu, ndiye shamba na ndiye ada ya watoto, utamwachaje azame?