“Weka Tu Juu, Itashika”: Dhana Potofu Kuhusu Bitana za Meno Bandia

“Daktari, usiyasage meno yangu. Weka tu juu kidogo, ni plastiki kwa plastiki, itashika.”

Maneno haya nimeyasikia hadi ninaweza kuyamalizia kabla mwenyewe hajafika kwenye koma. Kwanza mimi si daktari. Ni fundi wa maabara ya meno hapa Kisumu, yule anayekaa chumba cha nyuma na mashine ya kusagia na vumbi la rangi ya ufizi. Lakini mlango wa maabara yetu haufungwi, na mzee aliyetoka Bondo au mama wa Luanda ya Vihiga akishamaliza na daktari, hupitia kwangu kunielekeza kazi. Leo na mimi nitaelekeza, kuhusu bitana: lile tabaka jipya linalotiwa upande wa ndani wa meno bandia yaliyolegea ili yakae tena kwenye ufizi.

Nianze na hilo la “weka tu juu”, maana ndilo linaloniletea kazi ya kurudia kuliko mengine yote.

Dhana yenyewe naielewa. Taya limesinyaa, meno yanacheza, kuna pengo kati ya ufizi na kitako cha akriliki, ile plastiki ya rangi ya ufizi inayobeba meno. Mtu anaona dawa ya pengo ni kulijaza. Unga wa bitana na maji yake yachanganywe, uji umiminwe, ugande, mtu apande matatu arudi nyumbani. Na wiki za kwanza kweli mambo huwa shwari. Kisha miezi inapita, mzee anarudi na seti ya chini ameifunga kwenye kitambaa. Ukiisogeza dirishani unaona mstari mweusi mwembamba umezunguka ukingo mzima, pale bitana na kitako vilipoachana: rangi ya chai, kuvu, mabaki ya omena. Harufu nayo ipo. Ukucha unapita chini ya ukingo bila kutumia nguvu. Ukivuta, bitana inatoka kipande kizima, na kitako kilichokuwa chini yake kinang’aa vilevile kama siku kilipotoka kung’arishwa. Mng’ao huo ndio ushahidi. Hapo hapakuwahi kushikana kitu.

Sababu ni hii. Akriliki ya kitako cha kawaida, ile PMMA, ilipikwa kwa joto hadi ikakamilika. Minyororo yake ya polima, yaani molekuli ndefu za plastiki, imejifunga na haina haja na mgeni. Bitana ngumu ya akriliki haishiki kwa kunata juu yake. Inashika kwa sababu monoma, yale maji yenye harufu kali, hulainisha na kuvimbisha tabaka la juu la kitako, hupenya katikati ya minyororo ya zamani, kisha huganda humo humo. Minyororo mipya inakuwa imesukwa ndani ya ile ya zamani. Hapo ndipo unapata kitu ambacho kikivunjika, kinavunjika kwa shida na si kwa kubanduka.

Sasa niambie monoma itapenya vipi kwenye uso uliovaliwa miaka mitano. Kuna utando wa bakteria, kuna kuvu, kuna mabaki ya ile krimu ya kugandishia meno ambayo mama aliitumia alipoona yanacheza, na akriliki yenyewe imeshiba maji. Ni sawa na kupaka rangi mpya juu ya ukuta wa jikoni uliojaa masizi: rangi itashika masizi vizuri sana, na masizi yataanguka nayo. Ndiyo maana ninasaga uso wote wa ndani hadi nione akriliki mbichi kila mahali, bila hata doa moja linalong’aa. Sikuharibii meno yako, mzee. Ninaondoa uchafu ambao mswaki hauwezi kuufikia. Tena ukingoni sisagi kwa kunyoosha hadi uishe kama karatasi. Ninachonga kingazi kidogo, ili bitana iishie ikiwa na unene. Ukingo mwembamba ndio unaoanza kuinuka, na ukishainuka mate yanaingia, kazi imekwisha.

Baada ya kusaga, vumbi lioshwe, kitako kikaushwe, na mtu asiguse tena uso ule kwa kidole. Mafuta ya kidole yanatosha kuharibu. Kisha monoma ipakwe kwa brashi, na hapa ndipo subira ya watu wengi inapoishia. Mtafiti Pekka Vallittu na wenzake walichapisha mwaka 1994 kazi kuhusu akriliki iliyovunjika na kuungwa upya, wakaonyesha kwamba kulowesha uso kwa monoma kwa sekunde 180 kabla ya kuunga kuliongeza nguvu ya kiungo. Dakika tatu nzima, si kupitisha brashi mara moja na kupuliza. Unajua imeingia ukiona uso umepoteza makali ya misasa na brashi inaanza kuvutwa kidogo inapopita.

Kuna jambo jingine ambalo wagonjwa hawana lawama nalo, lawama ni yetu sisi wa kazi. Bitana nyingi za kuwekwa palepale kwenye kiti hazina ile monoma ya kawaida, kwa sababu inachoma ufizi. Zimetengenezwa kwa molekuli kubwa zaidi ambazo ni pole kinywani lakini hazipenyi haraka ndani ya kitako. Kwa hiyo mtengenezaji huweka ndani ya boksi kichupa kidogo cha maji ya kuandalia uso. Nimekuta maboksi yaliyotumika hadi nusu, unga umebaki kidogo, na kichupa kile bado kina mhuri wake. Halafu bitana ikibanduka utasikia “hii dawa ni feki”. Dawa ni halali kabisa, hatua ndiyo iliyorukwa.

Ukinisikiliza mimi, uache meno maabara. Bitana iliyogandishwa kwenye chungu cha presha, ndani ya maji ya moto wa wastani, huwa na matundu machache kuliko iliyogandia mdomoni, na ufizi hauonjeshwi monoma. Najua jibu: “Jumamosi kuna mazishi na Jumapili kuna kanisa, nitasimama mbele ya watu bila meno?” Hoja nzuri. Basi yalete Jumatatu.

Mengine nitayapitia haraka.

“Ikibanduka nitaigandisha na supa gluu.” Tafadhali usiguse. Gundi ile ikikauka inakuwa kavu na ya kukatika, na unyevu wa mdomo unaidhoofisha siku hadi siku. Wewe utarudi tu, na mimi kabla ya kufanya lolote itabidi nisage tabaka lote la gundi, pamoja na akriliki nzuri iliyo chini yake. Mbaya zaidi ni seti iliyovunjika ambayo mtu ameiunga upogo nyumbani. Vipande vilivyovunjika vikija safi hukutana vyenyewe sawasawa. Vikija na gundi havikutani tena, na kilichokuwa cha kutengenezwa kinageuka cha kutengeneza upya. Hela zinazidi hapo, na lawama huja kwangu.

“Bitana laini ndiyo bora, haiumizi.” Inafaa wengine: mwenye ufizi mwembamba juu ya mfupa mkali, mwenye vidonda visivyoisha. Lakini si zawadi ya kumpa kila mtu. Ili iwe laini kweli inahitaji unene wa milimita 2 hadi 3, na unene huo unatoka kwenye kitako, hivyo seti nyembamba ya chini inabaki dhaifu na inaweza kukatika katikati. Bitana laini za akriliki hushika vizuri kwa sababu ni za ukoo mmoja na kitako, ila kilainishi kilichomo huvuja polepole kwenye mate, na baada ya muda unabaki na kitu kigumu chenye mikwaruzo. Za silikoni hudumu laini kwa muda mrefu zaidi, lakini silikoni na akriliki hazina undugu hata kidogo. Bila praima yake, yale maji ya kuandalia uso, haishiki. Hata ikipakwa, nguvu ya kiungo hicho ni ndogo: kiwango ambacho watafiti wengi wa bitana laini hukichukua kama cha chini kinachokubalika ni megapaskali 0.44 (kipimo cha nguvu kwa eneo), na bitana ngumu ya akriliki iliyotiwa vizuri hukipita mara nyingi kadhaa. Kwa hiyo bitana laini ni ya kuangaliwa kila mara na kubadilishwa. Ukiuziwa kama ya kudumu, umedanganywa.

“Kadiri uso unavyokwaruzwa ndivyo unavyoshika.” Hii ni ya mafundi wenzangu. Kwa akriliki juu ya akriliki, kusaga kunasaidia kwa sababu kunafunua uso safi. Msiihamishe kanuni hiyo kwenye silikoni mkidhani ni ileile. Kuna majaribio kadhaa ambapo kupuliza mchanga kwenye kitako kabla ya silikoni kulipunguza nguvu ya kushika: uji mzito hauingii kwenye vishimo vyote, hewa inanaswa chini, na mipasuko huanzia hapo. Soma karatasi iliyo ndani ya boksi. Imeandikwa na waliotengeneza.

“Nina yale ya kukunjika, nitieni bitana kama ya mwenzangu.” Yale ya kukunjika ni naironi. Monoma ya akriliki haiyeyushi naironi, haiivimbishi, haiingii. Kila nilichokieleza hapo juu hakifanyi kazi kwake. Ni meno mazuri machoni, na watu wanayapenda kwa kuwa hayana nyaya, lakini anayekuuzia angekwambia mapema kwamba taya likisinyaa hutayatengeneza kwa bei ya bitana. Hakwambii. Halafu mama anasimama mbele yangu ameudhika, na mimi ndiye ninayeonekana sijui kazi.

Yale yaliyochongwa au kuchapishwa na kompyuta nayo yaje na maelezo yake. Akriliki ya kuchongwa ilikazwa kiwandani hadi monoma hupenya kwa shida, na resini za kuchapishwa si PMMA ya kawaida. Yanaweza kutiwa bitana, ila maandalizi ni mengine. Kama binti yako aliyatuma kutoka Uingereza, niambie. Kwa macho tu rangi ya waridi ni ileile.

“Nikitiwa bitana mara moja nimemaliza.” Bitana inafuata mfupa, haiuzuii kupungua. Mfupa huisha kwa kasi zaidi mwaka wa kwanza baada ya kung’oa, kisha polepole, maisha yote. Mtafiti Antje Tallgren aliwafuatilia watu wenye seti kamili kwa hadi miaka 25 na kuchapisha mwaka 1972: taya la chini lilipungua karibu mara nne ya la juu. Ndiyo sababu malalamiko mengi hapa ni ya seti ya chini. (Wazee wetu wa Kijaluo waliong’olewa meno sita ya mbele ya chini ujanani kwa mila huniuliza mbona pale mbele hapasumbui. Pale mfupa umetulia kwa miongo mingi. Kunakosumbua ni kule nyuma walikong’oa majuzi.) Na kama meno yenyewe yamelika hadi yamekuwa bapa, au mdomo umeporomoka hadi kidevu kinasogelea pua, usilipie bitana. Hapo unahitaji seti mpya.

“Huyachemsha kidogo kuua viini.” Maji ya moto hupinda akriliki, na bitana juu ya kitako kilichopinda haina pa kushika. Jiki nayo, hasa ile isiyozimuliwa, hupausha rangi, huharibu bitana laini, na hula nyaya za chuma. Tumia maji ya kawaida, sabuni ya kuoshea mikono na mswaki laini. Dawa ya meno pia iache, huchubua akriliki.

Kabla ya kuja kuchukuliwa kipimo cha ufizi, lala bila meno angalau usiku mmoja, ikiwezekana zaidi, ili ufizi uliobanwa urudi umbo lake. Kipimo kikichukuliwa juu ya ufizi uliovimba, bitana itashika kitako vizuri kabisa na bado itakuumiza. Na njoo na seti zote mbili hata kama ni ya chini tu inayokusumbua, kwa sababu daktari lazima aone zinavyokutana ukiuma.