Choya, bitiruti na kitunguu saumu: vinashushaje presha?

Mshipa wa damu unalegeaje?

Ukuta wa ateri una misuli. Ikikaza, njia inabana na presha inapanda; ikilegea, njia inapanuka na presha inashuka. Amri ya kulegea hutoka kwenye utando mwembamba uliotanda ndani ya mshipa, ambao hutengeneza gesi iitwayo naitriki oksaidi. Gesi hiyo hudumu sekunde chache tu, lakini zinatosha kuifikia misuli. Wanasayansi Furchgott, Ignarro na Murad walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1998 kwa kugundua kazi yake mwilini.

Bitiruti inaingiaje hapo?

Bitiruti ina naitreti nyingi, kemikali ya asili iliyomo pia kwenye mchicha. Ukinywa juisi yake, naitreti inaingia kwenye damu, kisha sehemu yake inarudi mdomoni kupitia mate. Huko, hasa nyuma ya ulimi, wapo bakteria wanaoigeuza kuwa naitraiti. Unaimeza tena, na mwili unaitumia kutengeneza naitriki oksaidi. Ndiyo maana anayesukutua kila siku kwa dawa kali ya kuua vijidudu hukosa sehemu ya faida hiyo: amewaua wafanyakazi wenyewe. Presha huanza kushuka baada ya saa chache, na kesho yake athari imekwisha au inakaribia kwisha. Mkojo ukitoka mwekundu usikimbilie hospitali kama umetoka kunywa juisi hiyo. Ni rangi yake tu.

Na choya, au rosella kama wengine tunavyoiita?

Hii ndiyo ninayoiamini zaidi. Rangi yake nyekundu inatokana na anthosayanini, na katika majaribio ya maabara kemikali hizi huzuia kimeng'enya kinachotengeneza homoni ya kukaza mishipa. Vidonge vya presha vya enalapril na captopril hupita njia hiyohiyo, ila vina nguvu zaidi. Choya pia huongeza mkojo kidogo.

Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2010, watu wenye presha iliyopanda kidogo walikunywa vikombe 3 kwa siku kwa wiki 6. Namba ya juu ilishuka kwa wastani wa takriban 7, wakati waliopewa kinywaji cha kufananisha walishuka kama 1. Kila kikombe kilikuwa na gramu 1.25 tu, yaani vipande vichache vikavu kwenye maji ya moto. Sharubati ya choya iliyojaa sukari ni habari nyingine kabisa. Hiyo inywe kwa sababu ni tamu, si kwa sababu ya presha.

Kitunguu saumu?

Kinasaidia kidogo. Kiponde na ukiache dakika kadhaa kabla ya kukipika, ili alisini, kemikali yake yenye kazi, itengenezwe. Anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, au anayesubiri upasuaji, amwambie daktari kama anakitumia kwa wingi au kwa vidonge, kwa kuwa kinaweza kuongeza kutoka damu.

Bibi ana 160/100. Anywe choya aache vidonge?

Hapana. Hata akipata matokeo ya ule utafiti, atabaki kwenye 153 hivi, na hapo kiharusi bado kinamnyemelea. Anaweza kunywa choya pamoja na dawa, ila amweleze daktari, kwani presha inaweza kushuka kupita kiasi. Dalili ya kwanza mara nyingi ni kizunguzungu anaposimama. Mwenye ugonjwa wa figo asijianzishie bitiruti, ina potasiamu nyingi. Mjamzito aache choya. Na anayemeza dawa za presha za nifedipine au felodipine aepuke balungi, kwa sababu huongeza kiwango cha dawa hizo kwenye damu.

Si vitu vya asili? Vitadhuru vipi?

Mzizi wa rauvolfia, mmea uliotumika India kwa karne nyingi, ndio uliotoa reserpine mwaka 1952. Ni dawa ya presha yenye nguvu kweli, na kwa dozi kubwa baadhi ya wagonjwa walipata sonona. Kemikali haijali imetoka shambani au kiwandani.

Nitajuaje kama inanisaidia?

Pima. Kaa kitako dakika 5 bila kuongea, mgongo umeegemea, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Pima asubuhi na jioni kwa wiki nzima kabla ya kuanza choya, uandike, kisha rudia baada ya wiki 4 hadi 6. Daftari hilo nenda nalo kliniki.