Bustani ya nyuki, ndege na vipepeo uani Mombasa: yanayosemwa na yalivyo

Mwambie jirani wa Kisauni au Likoni kwamba unataka ndege, nyuki na vipepeo waje uani kwako, naye atakutajia mambo matatu: nyoka, mbu, na watoto kuumwa na nyuki. Hofu hizo zina msingi. Tatizo ni tiba yake, kwa sababu kabro (matofali ya kutandika ua), ufagio wa kila asubuhi na dawa ya kupuliza huwaondoa wadudu wenye kazi, huku mbu na panya wakibaki palepale.

"Bila mzinga hakuna uchavushaji"

Mzinga kwenye ploti iliyobanwa na nyumba za watu ni hatari, tusidanganyane. Nyuki wetu wa asali ni wakali wakichokozwa. Lakini bustani haihitaji mzinga. Nyuki wa aina nyingi huishi kila jike na tundu lake, hawana malkia wala kundi la kulinda, na ni nadra kumuuma mtu asiyewashika.

Mtazame yule nyuki mkubwa mweusi anayevuma kwa sauti nzito na kutoboa boriti. Wengi humpiga kwa kandambili, ilhali yeye ndiye anayezalisha pasheni. Ua la pasheni limeinua viungo vyake vya uzazi juu ya mahali penye nekta. Nyuki wa asali ni mdogo, hupita chini, akanywa na kuondoka bila kugusa sehemu ya kike. Yule mweusi, akiinama kunywa, mgongo wake husugua chavua na kuipeleka kwenye ua jingine.

Pasheni ya manjano, inayostahimili joto la Pwani, haijichavushi. Panda angalau mashina mawili yaliyooteshwa kutoka mbegu za mimea tofauti. Ukikata vipandikizi vyote kutoka shina moja, utapata ua mzima uliojaa maua bila tunda hata moja, kisha utalaumu mbolea. Maua hayo hufunguka mnamo adhuhuri, kwa hiyo ukitaka kujua kama nyuki wanakuja, chungulia mchana. Wasipoonekana, chukua chavua kwa brashi laini kutoka shina moja ukapake ua la shina la pili.

Nyuki huyu pia hulitetemesha ua la nyanya na biringani hadi chavua ikamwagika, kazi ambayo nyuki wa asali haiwezi. Mtundikie gogo kavu la mti laini, nene kama paja, mahali pasiponyeshewa. Boriti za nyumba zipake rangi ya mafuta, kwani yeye hupendelea mbao tupu.

"Maua ya rangi nyingi yanatosha"

Bogenvilia hupamba ukuta wa Nyali vizuri sana, lakini zile rangi ni majani. Ua lenyewe ni kale kamrija keupe kadogo katikati. Haibiskasi iliyofumwa petali nyingi ndivyo ilivyo pia: imezalishwa kwa macho ya binadamu, na mdudu hupata shida kufika ndani. Chagua ile ya petali tano.

Mimea yenye faida zaidi mara nyingi iko jikoni. Mrehani ukichunwa kila siku hautoi maua. Gawanya tuta, nusu uchume, nusu uache ichanue, kisha ubadilishane. Mzunze huchanua mara kwa mara na hauogopi kiangazi. Mnazi hutoa karara jipya takriban kila mwezi, hivyo hata Januari hadi Machi, jua linapokaanga kila kitu, nyuki hawakosi pa kwenda.

Boga na mumunye huanza na maua ya kiume, nayo huanguka. Huo si ugonjwa. Ya kike, yenye kitunda kidogo chini yake, hufuata baadaye. Maua ya boga hufunguka alfajiri na kunyauka kabla ya mchana, kwa hiyo anayepuliza dawa saa mbili asubuhi anaua wachavushaji wake wakiwa kazini.

"Viwavi wataumaliza mdimu"

Kiwavi wa kipepeo wa ndimu akiwa mdogo hufanana na kinyesi cha ndege: kahawia na baka jeupe. Akikua huwa kijani, na ukimgusa hutoa pembe mbili za rangi ya chungwa zenye harufu kali. Mdimu uliokomaa hauhisi viwavi wachache. Mche ulio chini ya goti ndio unaoweza kubaki vijiti, basi wahamishe viwavi kwa mkono hadi kwenye mti mkubwa. Usiwatupe: bila kiwavi hakuna kipepeo, na hata ndege chozi, tunayemjua kwa kunywa nekta, hulisha makinda yake wadudu na buibui. Huko Gede, mradi wa Kipepeo umekuwa ukinunua pupa wa vipepeo (viwavi waliojifunga kabla ya kugeuka vipepeo) kutoka kwa wakulima tangu 1993 na kuwauza ng'ambo.

"Maji ya ndege huleta mbu"

Huleta, ukiyaacha. Mombasa imepitia denge, na chikungunya ya 2017 hadi 2018, magonjwa yanayoenezwa na mbu mwenye mistari myeupe anayeuma mchana. Mbu huyo huchukua takriban wiki moja au zaidi kutoka yai hadi kuruka. Weka sahani ya udongo yenye kina cha sentimita 3 hadi 5, na mawe yaliyochomoza ili nyuki wasizame. Badilisha maji kila baada ya siku mbili, na usugue kingo kwa brashi, maana mayai hugandia ukutani na hukaa makavu miezi kadhaa yakingoja maji. Kumwaga tu hakutoshi.

Ukishamaliza sahani, geukia mapipa ya kuhifadhi maji ya mfereji, matairi, na vifuu vya nazi. Huko ndiko mbu wengi wanakozaliwa.

"Majani huleta nyoka"

Nyoka hufuata panya na vyura, na hupenda pa kujificha: rundo la matofali, mabati chakavu, kuni zilizolazwa chini. Ondoa hayo kwanza. Acha ukanda wa mita moja bila mimea kando ya ukuta wa nyumba, na majani ya kufunika udongo yawe upande wa mbali.

Ukanda huo usiuwekee kabro. Takriban asilimia 70 ya aina za nyuki duniani hutaga ardhini, na huhitaji udongo mtupu unaopigwa jua. Ukiona vitundu vyembamba kama penseli vilivyozungukwa na unga wa mchanga, ni wao. Usimwage hapo maji ya sabuni.

Kinyonga na mjusi kafiri hawana sumu. Waacheni.

"Mwarobaini ni dawa ya asili, haudhuru"

Kilichotoka mtini bado ni dawa. Puliza jioni jua likizama, kwenye majani yenye wadudu pekee, kamwe si kwenye maua.

"Ndege walishwe makombo"

Wali na mkate huwaita kunguru wa Bara Hindi, na hao hula mayai na makinda ya ndege wadogo. Funika pipa la taka. Chozi na wenzake wapandie maua.

"Udongo wa matumbawe haufai"

Mwaka 1971 Rene Haller alianza kupanda miti kwenye machimbo ya chokaa ya kiwanda cha saruji cha Bamburi. Mvinje ulishika, jongoo wakaletwa wakasaga majani yake yakawa mboji, na leo ni Haller Park, hifadhi ya miti na wanyama. Uani, chimba shimo la sentimita 60 kila upande, toa mawe, changanya udongo na samadi iliyooza nusu kwa nusu, upande mvua za masika zinapoanza. Majani yakiwa manjano na mishipa ikibaki kijani, mmea umekosa madini ya chuma kwa sababu ya chokaa. Majivu ya jikoni yatazidisha tatizo, ongeza mboji. Kingo za majani zikiungua kahawia, shuku chumvi ya maji ya kisima, na umwagilie kwa maji ya mvua uliyokinga, mengi kwa mpigo ili chumvi ishuke chini ya mizizi.