Kila mgombea anasema "afya kwa wote": tuwapime kwa kipimo gani?

Uchaguzi mkuu ujao wa Kenya ni tarehe 10 Agosti 2027, na tayari maneno "afya kwa wote" yanarudi majukwaani. Tumekusanya maswali yanayoulizwa mara kwa mara. Mifano mingi tumeitoa kwenye kampeni za 2022, kwa kuwa ahadi za mwaka ule sasa zimekutana na dirisha la malipo hospitalini.

Kama wote wanaahidi afya kwa wote, si wanasema kitu kimoja?

Hapana. Shirika la Afya Duniani hutazama mambo matatu: ni watu wangapi wanaofikiwa, ni huduma zipi wanazopata, na mgonjwa mwenyewe anatoa kiasi gani mfukoni. Pesa haitoshi yote matatu kwa mpigo. Ni kama leso moja inayofunika watoto watatu usiku wa baridi: huyu akivuta, yule anabaki wazi. Mgombea mmoja anaweza kumpa kila mtu huduma ya zahanati, lakini upasuaji ujilipie. Mwingine anaweza kugharamia saratani na kusafishwa figo, ila kwa walio na bima tu. Wote wawili wataita mpango wao afya kwa wote, na hakuna aliyedanganya.

Mwaka 2022 Ruto na Raila walitofautiana wapi hasa?

Ilani ya muungano wa Kenya Kwanza, yake William Ruto, iligawa kazi mara tatu: huduma ya msingi ilipiwe na serikali, bima ya afya iwe ya lazima kwa kila kaya, na kuwe na mfuko wa magonjwa sugu na dharura kwa gharama ambazo bima haizimudu. Marehemu Raila Odinga wa muungano wa Azimio aliiuza ahadi yake kwa jina la BabaCare, yaani huduma bora ya bei nafuu kwa kila Mkenya. Kando ya hapo aliahidi shilingi 6,000 kila mwezi kwa kaya milioni mbili maskini.

Watu wengi waliiona ile 6,000 kama siasa ya ustawi tu, wakaitenga na afya. Mimi naona ilikuwa hoja ya afya pia. Familia isiyo na senti haiwezi kulipa bima hata ikiwa nafuu vipi, na nauli ya kumpeleka mgonjwa kaunti jirani haimo kwenye bima yoyote. Kwa hiyo upande mmoja ulipanga namna ya kukusanya michango, upande wa pili ukataka kwanza kumtia maskini pesa mkononi.

Na Wajackoyah?

Profesa George Wajackoyah, mgombea mwingine wa urais mwaka huo, alitaka tulime bangi na kufuga nyoka ili tuuze sumu yao ng'ambo. Tulicheka, lakini angalau alitaja pesa itatoka wapi.

Ahadi ya mshindi iligeuka nini?

Oktoba 2023 Ruto alitia saini sheria nne za afya. NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya hospitali uliokuwapo tangu 1966, ikavunjwa, na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ikaanza kazi tarehe 1 Oktoba 2024 baada ya mvutano mahakamani. Sehemu tatu za ilani zikawa mifuko mitatu: wa huduma za msingi, wa bima, na wa dharura na magonjwa sugu.

Kilichouma ni hesabu. Kanuni za 2024 ziliweka mchango wa asilimia 2.75 ya mshahara wote, bila kikomo cha juu, na usipungue shilingi 300 kwa mwezi. Anayepata 20,000 alikuwa akikatwa 750 na NHIF, sasa anakatwa 550. Wa 50,000 alitoka 1,200 akafika 1,375. Wa 200,000 alikuwa akilipa 1,700, kilichokuwa kiwango cha juu kabisa, na sasa analipa 5,500. Ukisikia mtu ananung'unika kuhusu SHA, muulize kwa upole analipwa ngapi. Manung'uniko ya mwenye mshahara mkubwa na ya mwenye mshahara mdogo si manung'uniko yale yale, ingawa yote hutoka kwa sauti moja.

Mimi nauza mboga, sina hati ya mshahara. Nakatwa asilimia 2.75 ya nini?

Hapa ndipo mpango wa mgombea yeyote unapojulikana kama ni wa kweli. Zaidi ya wafanyakazi wanane kati ya kumi nchini wako kwenye sekta isiyo rasmi: mama mboga, wa bodaboda, fundi wa jua kali, kibarua wa shamba la chai. Hawana mwajiri wa kuwakata.

NHIF iliwatoza shilingi 500 kwa mwezi, tajiri na hohehahe sawasawa. SHA ikaleta maswali ya kupima uwezo wa kaya: nyumba imeezekwa kwa nini, choo ni cha aina gani, maji yanatoka wapi. Majibu yanaingia kwenye kompyuta na kompyuta inakisia kipato chako. Kimawazo ni haki zaidi kuliko 500 kwa wote. Lakini mabati mapya yanaweza kuwa ya mkopo wa chama cha kuweka akiba, au zawadi ya mtoto aliyeko Qatar, na kompyuta haijui hilo.

Kisha kuna namna ya kulipa. Aliye na mshahara hukatwa kila mwezi. Wewe usiye na mshahara unatakiwa kulipa ya mwaka mzima kwa mkupuo: kiwango cha chini kabisa ni 3,600. Mtu anayenunua unga wa siku na mafuta ya kupikia ya shilingi ishirini, hiyo 3,600 ataitoa wapi Januari, mwezi wa karo? Serikali iliona tatizo, na mwaka 2025 ikaleta Lipa SHA Pole Pole, mkopo wa kulipia mchango huo. Mkopo ni mkopo. Waliojisajili ni mamilioni mengi, ila walipaji kutoka sekta hii ni sehemu ndogo tu ya hao.

Kwa nini serikali isilipe yote kwa kodi?

Inaweza, na kuna wataalamu wanaoona ni rahisi kuliko kumkimbiza muuza nyanya. Swali ni kiasi. Mwaka 2001 viongozi wa Afrika waliahidi mjini Abuja kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya, na Kenya haijafika hapo. Mwaka 2004 Bunge lilipitisha mswada wa bima ya jamii ulioletwa na waziri wa afya Charity Ngilu. Rais Kibaki hakuutia saini, kwa hoja kwamba gharama ingeelemea nchi.

Uzazi wa bure ulioanza tarehe 1 Juni 2013 unafundisha upande mwingine. Ada iliondolewa kwa tangazo, akina mama wakaja wengi, na wodi zikabaki na vitanda na wakunga wale wale.

Rais akiahidi hospitali kijijini kwetu, nimwamini?

Polepole. Tangu ugatuzi, yaani madaraka yalipohamishiwa kaunti, hospitali za kaunti, vituo vya afya na zahanati viko chini ya kaunti 47. Serikali kuu imebaki na sera na hospitali za rufaa za kitaifa. Rais anaweza kubadilisha bima, lakini dawa ya kijijini hununuliwa na gavana. Mwaka 2024 madaktari waligoma siku 56, na mvutano mkubwa ulikuwa malipo ya madaktari wanagenzi. Kadi ya bima haikumtibu mtu siku hizo. Kwa hiyo sikiliza mikutano ya ugavana kwa makini kuliko ya urais, ingawa muziki wake si mzuri kama ule.

Mgombea akija kwetu nimuulize nini?

Usimuulize kama ataleta afya kwa wote, atasema ndiyo. Mwambie hivi: "Mama yangu ana sukari, anauza mboga, hajaajiriwa. Mwezi asipokuwa na pesa ya bima na mguu ukaoza, nani atalipa, na pesa hiyo iko kwenye bajeti gani?" Kisha nyamaza, usimsaidie kujibu.

Nimejisajili SHA lakini sijalipa. Nina bima au sina?

Nusu. Matibabu bila kulazwa kwenye zahanati na kituo cha afya, yaani ngazi ya pili na ya tatu, hulipiwa na mfuko wa huduma za msingi, kwa hiyo usajili unatosha. Kuanzia ngazi ya nne kwenda juu, yaani hospitali, kulazwa na upasuaji vikiwemo, lazima mchango wako uwe umelipwa. Mfuko wa magonjwa sugu nao huingia kazini pale kiwango cha bima kinapokwisha, na asiyelipa hana kiwango cha kumaliza. Hakikisha hali yako kwenye simu leo, ukiwa mzima.