Je, wajua kwa nini wakulima wa mwani Zanzibar wanajifunza kuogelea?

Mtu wa bara akiambiwa kwamba mwanamke aliyezaliwa Paje au Nungwi, vijiji vya pwani ya Unguja, akakulia hapohapo ufukweni, hajui kuogelea, hudhani anataniwa. Lakini kwa wengi ndivyo ilivyo. Bahari ya visiwani ina mpaka usioandikwa popote. Upande wa ndani wa mwamba wa matumbawe, maji yakipwa, pwani ni ya wanawake: hapo wanachokoa pweza, wanaokota chaza, wanafukia makumbi ya nazi. Nje ya mwamba, kwenye kina, ni kwa wanaume na vyombo vyao. Mtoto wa kiume anajitupa majini kutoka kwenye dau na hakuna anayemuuliza. Dada yake akithubutu ataitwa nyumbani upesi, maana nguo iliyolowa hushika mwili na watu wana macho.

Kilimo cha mwani kilipoanza kibiashara mwaka 1989 huko Paje na Jambiani, kwa mbegu iliyotoka Ufilipino, hakikuvuka mpaka huo. Ni kazi ya maji ya magotini. Unapigilia vigingi mchangani, unakaza kamba, unafunga mbegu kipande kimoja kimoja, na baada ya wiki sita hivi unavuna. Bamvua likija, yaani siku maji yanapopwa mbali kabisa, watu wote wako pwani. Maji mafu yakiingia, siku bahari haipwi sana, kazi inasimama. Wanaume wengi walijaribu wakaacha, wakiona malipo hayalingani na taabu. Wanawake wakabaki, na leo ndio wengi kabisa kati ya wakulima zaidi ya 20,000. Pesa ile imejenga nyumba za matofali na kusomesha watoto, na kuna bibi ambaye mara ya kwanza kushika hela isiyopitia kwa mume ilikuwa ya mwani.

Halafu bahari ikapata moto. Maji yanayobaki ndani ya mwamba wakati wa kupwa ni machache, na jua la mchana huyapandisha kupita nyuzi 30. Mwani aina ya kotonii, ambao ndio wenye bei, hauliwezi joto hilo. Tawi linapauka, linakuwa jeupe, bakteria wanaliingia, linalainika na kukatika. Mkulima akirudi bamvua linalofuata anakuta kamba tupu. Tangu miaka ya 2000 kotonii imekufa karibu sehemu zote za Unguja. Spinosamu, aina nyingine ya mwani, huvumilia zaidi, ila bei yake ni ya kusikitisha.

Dawa ilikuwa kuufuata ubaridi kwenye kina. Mtafiti Flower Msuya, wa Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliyoko Zanzibar, alishirikiana na wakulima kujaribu nyavu ndefu mfano wa soksi: mbegu hutiwa ndani, nyavu ikaelea, na wimbi haliwezi kuukata mwani. Tatizo ni kwamba huko mguu haugusi chini.

Sasa, je, mwili unaeleaje? Maji ya bahari ni mazito kuliko ya mto kwa asilimia 2 na nusu hivi, na mapafu yakijaa hewa mwili huwa mwepesi kuliko maji hayo. Tena kwa wastani mwanamke ana mafuta mengi mwilini kuliko mwanamume, kwa hiyo yeye ndiye anayeelea kwa urahisi zaidi. (Wavuvi wetu wasiambiwe.) Anayezama mara nyingi amezamishwa na hofu: anakaza shingo, anainua kichwa, anapumua kwa pupa, miguu inashuka.

Kwa sababu hiyo somo la kwanza halihusu kupiga mikono. Mwanafunzi analala chali, dumu tupu lililofungwa kizibo akilikumbatia kifuani, kiganja cha mwalimu kikiwa chini ya mgongo. Shughuli ni masikio. Yakiingia majini mtu husikia pumzi yake tu, anashtuka, anataka kusimama. Siku mgongo unapolegea, mwalimu huondoa mkono taratibu bila kusema.

Huko Nungwi, mradi wa Panje umefundisha wasichana na wanawake wakiwa ndani ya mavazi ya kuogelea yanayofunika mwili mzima, na walimu wa kike wakiwamo. Wahenga walisema maji ukiyavulia nguo yaoge. Anayeingia nazo hawakumtaja. Wazazi nao walikuwa na sababu yao ya kukubali. Mwezi wa Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander ilizama ikielekea Pemba, na mamia ya watu wakapotea.

Kilichobaki ni chombo. Kwenye kina hufiki kwa miguu, na madau karibu yote ni mali ya wanaume. Kikundi kisicho na boti yake hulazimika kukodi, na nahodha hupokea chake kabla mwani haujakauka.