Je, wajua kwa nini bingwa wa nyoka aliumwa, akapanda treni kwenda zake nyumbani?

Dar es Salaam, nyoka wa kijani akionekana mwembeni, mtaa mzima hugawanyika. Wapo wa mawe, wapo wa mafuta ya taa, na hakosekani mzee wa kusema: "Huyo mwacheni, hana neno, anakula ndege tu." Mzee huyo asichekwe. Mwaka 1957, mmoja wa mabingwa wa nyoka duniani aliwaza karibu hivyo hivyo, na kesho yake akafa.

Aliitwa Karl Schmidt, mtafiti wa makumbusho ya Field Museum, Chicago. Tarehe 25 Septemba aliletewa nyoka mchanga kutoka bustani ya wanyama ya mji huo ili amtambue. Nyoka mwenyewe alikuwa wa Afrika, urefu sentimita 76 hivi, yule ambaye Afrika Kusini wanamwita boomslang, maana yake nyoka wa miti. Schmidt alipomshika akaumwa kidole gumba. Jino moja tu ndilo lililozama, tena milimita 3.

Jioni akapanda treni, kichefuchefu kikaanza njiani. Alipofika akawa anaandika kila alichokisikia mwilini: baridi, homa, fizi kutoa damu. Usiku akakojoa damu. Asubuhi akala mayai na mkate, akapiga simu kazini kusema anaendelea vizuri. Alasiri hiyo akafariki, akiwa na umri wa miaka 67.

Kwa nini hakukimbilia hospitali? Sababu moja ni meno. Boomslang ana meno ya sumu nyuma ya kinywa, si mbele kama fira, na wengi zama zile waliwahesabu nyoka wa namna hiyo kuwa hafifu kwa binadamu. Tena huyu alikuwa mdogo.

Lakini kilichomponza zaidi, kwa maoni yangu, ni sumu yenyewe, maana haina haraka. Huanza kwa kuigandisha damu, vipande vidogo vidogo, kila mahali mwilini. Fikiria fundi anayemwaga saruji yote ya nyumba kwenye mchanga mtupu: ukuta ukija kupasuka, hana hata kiganja cha kuzibia. Akiba ya kugandisha ikiisha, mishipa huvuja, kuanzia fizi hadi figo na ubongo. Kazi hiyo huchukua saa nyingi, pengine zaidi ya siku nzima, na katikati yake mtu anaweza kujiona amepona.

Nyoka huyo yupo kwetu pwani. Dume mara nyingi ni wa kijani, jike wa kahawia, macho makubwa, na kinyonga ni mlo wake mkuu. Shida ni kwamba mwembe huo huo unaweza kuwa na nyoka mwingine wa kijani, yule ambaye Wazungu wanamwita mamba (jina limetoka kwa Wazulu, mamba wetu ni wa mtoni). Huyo meno yake yako mbele, na sumu yake hushambulia neva upesi hadi kuzuia pumzi. Halafu wapo wa kijani wasio na sumu ya kumdhuru mtu. Hao ndio waliolipatia sifa jiwe la nyoka, lile linalobandikwa kwenye jeraha: aliyeumwa nao hupona na jiwe, na bila jiwe angepona vilevile.

Dawa nayo haifanani. Ile ya mchanganyiko inayotengenezwa Afrika Kusini, ya fira, koboko na kifutu, haimgusi boomslang. Yeye ana dawa yake peke yake, inayotengenezwa huko huko, na haipatikani kirahisi.

Kumjua aliyeathirika na sumu hii ya boomslang, hata hivyo, hakuhitaji mashine. Damu kidogo huchotwa, ikawekwa kwenye kichupa cha kioo kikavu na safi, kikaachwa kimetulia dakika 20. Kiwe cha kioo kweli, kwani kwenye plastiki hata damu ya mtu asiye na tatizo huchelewa kuganda. Kisha kinainamishwa. Damu ikitiririka kama maji, sumu imeshafanya kazi, na mgonjwa hatoki wodini, ingawa saa hiyo anaweza kuwa amekaa kitandani anachezea simu na kuuliza ataruhusiwa saa ngapi.