Dereva wa nyuma wa gari la ngazi si utingo

Huku kwetu Mbeya, ambako malori ya Tunduma yanapita usiku na mchana, mtu wa pili kwenye gari refu ni utingo, na hakuna anayejiuliza mara mbili. Ndiyo maana watu wakiona picha ya gari la ngazi la zimamoto la Marekani, lile lenye kibanda kidogo mkiani na mtu amekaa ndani yake, jina linatoka lenyewe: utingo wa zimamoto. Jina hilo limerudiwa mno, na limezaa makosa mengine makubwa kuliko lenyewe. Tulinyooshe.

Gari hilo ni kichwa kinachovuta tela, kama semi. Juu ya tela imelala ngazi ya kurefuka, ambayo ikifunguliwa yote hufika kama mita 30. Ekseli ya nyuma ya tela inapinda, na anayeipinda ni mtu aliyekaa mwishoni kabisa, ameshika usukani wake mwenyewe. Usukani huo unaitwa tila, na mwenye kuushika ni dereva wa tila, au kwa maneno ya kawaida, dereva wa nyuma. Maana yenyewe inaishia hapo.

Utingo ana kazi ya heshima. Anaangalia matairi na mzigo, anaweka kigingi mlimani, anamwelekeza dereva kwenye rivasi. Lakini utingo akisinzia Makambako, lori litafika Mbeya. Dereva wa nyuma akiachia usukani kwa sekunde mbili kwenye kona, tela linakwenda linakotaka, na dereva wa mbele hana namna ya kulirudisha. Magurudumu yale hayako chini ya mamlaka yake hata kidogo. Ni gari moja lenye madereva wawili kwa wakati mmoja, na kila mmoja ana ekseli yake. Kule Marekani, kiwango cha NFPA 1002 (NFPA ni chama cha huko cha kinga dhidi ya moto), kilichoweka sifa za madereva wa zimamoto, kilimtengea dereva wa tila sura yake mwenyewe. Msaidizi hapewi sura.

Lililo baya zaidi ni kusema kwamba huyu wa nyuma "anafuata tu": wa mbele akikata kushoto naye anakata kushoto, wa mbele akinyoosha naye ananyoosha. Ni kinyume chake, na hapa ndipo inafaa kutulia.

Aliyewahi kusimama Kitonga akaangalia semi zikipanda anajua kwamba tela halipiti palipopita kichwa. Linakata kona kwa ndani. Dereva mzoefu analijua hilo, kwa hiyo anakipeleka kichwa nje kabisa kabla hajakunja, ili matairi ya mwisho yasipande ukingo au kuangukia mtaroni. Hiyo inawezekana barabara ikiwa na nafasi. Mjini, penye nyumba kwenye pembe na magari yameegeshwa pande zote, nafasi ya kutanua haipo. Gari la ngazi la tila lina urefu wa kama mita 17 hadi 19, wakati gari la ngazi la chesisi moja, yaani lisilo na tela, kule kwao lina mita 12 hadi 14 hivi. Lakini lile refu ndilo linaloingia kwenye mitaa myembamba zaidi, kwa sababu tela lake halilazimiki kukata kona. Linaamriwa pa kupita.

Tuseme gari la namna hiyo linatoka upande wa Mbalizi na linaingia mjini kwa kukunja kushoto pale Mafiati. Kwetu tunaendesha kushoto, kwa hiyo hiyo ndiyo kona ya kubana. Kabla kichwa hakijaanza kupinda, dereva wa nyuma anatakiwa awe ameshaangalia kulia kwake, kwa sababu mkia utatokea upande huo. Kichwa kinapoanza kuvuta kushoto, yeye anazungusha usukani kulia. Matairi ya tela yanaelekea kulia, mkia unabaki nje, na ubavu wa kushoto unaiacha ile pembe walipoegesha bodaboda. Anashikilia hivyo huku akiangalia pembe ikipita ubavuni. Kisha anaurudisha usukani polepole, ili matairi yanyooke wakati uleule tela linaponyooka nyuma ya kichwa.

Kila kipande cha mwendo huo kina kosa lake. Akizungusha mapema, kichwa kikiwa bado kimenyooka, mkia unaingia njia ya pili na kumfuata aliye kulia, pengine bajaji iliyokuwa inapita bila wasiwasi. Akichelewa, tela linakata kona kama semi yoyote. Akichelewa kurudisha, mkia unapitiliza na kuingia kwenye njia ya wanaokuja. Na akifanya wanachodhani watu, yaani akazungusha kushoto kwa sababu wa mbele amezungusha kushoto, tela linakata ndani zaidi ya tela lisilo na usukani kabisa, na waliosimama ukingoni ndio wanaolipata. Kuna pia sehemu inayoning'inia nyuma ya ekseli, pamoja na kibanda chenyewe. Hiyo inatoka nje zaidi ya matairi, kwa hiyo mtu anayepima nafasi kwa kuangalia matairi peke yake atagonga kwa kona ya bodi.

Kwenye barabara iliyonyooka kazi yake inaonekana ndogo, na hapo ndipo wageni wa kazi hii huharibu. Sheria ya kwanza wanayofundishwa ni kuliacha tela nyuma ya kichwa na kutolichezea. Anayesahihisha sana huanza kulipeperusha: kidogo kulia, kidogo kushoto, kila marekebisho makubwa kuliko yaliyotangulia, na mwendo ukiwa mkali mkia unaanza kuyumba wenyewe. Anatakiwa kuangalia mbali mbele, mikono ikigusa usukani kidogo kidogo. Wengi hubandika alama juu ya usukani ili wajue kwa kutazama mara moja kwamba matairi yamenyooka, kwa sababu ukiwa mkiani mwili haukwambii hilo vizuri.

Hana pedali ya mafuta, wala breki ya kusimamisha gari haiko miguuni mwake. Ana usukani, simu ya masikioni na kengele. Katika vikosi vingi mlio mmoja ni simama, miwili ni nenda mbele, mitatu ni rudi nyuma. Mlio mmoja hauhojiwi: dereva wa mbele anasimama kwanza, anauliza baadaye. Mawasiliano yakikatika, gari linasimama mpaka yarudi. Wa mbele naye ana deni kwa mwenzake. Akifunga breki ghafla tela likiwa limekaa upande, uzito wote wa ngazi unakisukuma kichwa kwa pembeni, na wa nyuma hawezi kufanya lolote zaidi ya kuona. Kwa hiyo anayeendesha mbele anapunguza mwendo kabla ya kona, si ndani yake, na anataja anachotaka kufanya kabla ya kukifanya.

Rivasi inageuza mambo tena. Gari likienda mbele, usukani wa nyuma ukizungushwa kulia, mkia unakwenda kulia. Likirudi nyuma, matairi yaleyale yaliyoelekea kulia yanaupeleka mkia kushoto. Hapa mkia ndio unaotangulia, kwa hiyo dereva wa nyuma ndiye anayeamua njia, na wa mbele anakifuatisha kichwa polepole. Mafunzo ya koni hutumia muda mwingi hapa, na ni sawa kabisa.

Sasa lile kosa lingine. Siku hizi kila gari lenye matairi ya nyuma yanayopinda linaitwa la "usukani wa nyuma", na watu wanalichanganya na hili. Magari ya ngazi ya chesisi moja ya Ulaya, baadhi yake, yana ekseli ya nyuma inayopinda. Lakini hayo yana dereva mmoja, na ekseli ya nyuma inatii mfumo unaofuata usukani wa mbele. Mkiani hakuna mtu. Aliye karibu zaidi na dereva wa tila ni yule anayeonekana kwenye misafara ya lobedi zenye ekseli nyingi, zinazobeba transfoma kubwa: mtu anayetembea kando au nyuma akiwa na kifaa cha kupindia ekseli za tela. Huyo anafanya kazi ya namna ileile, ila kwa mwendo wa mguu na barabara ikiwa imefungwa. Dereva wa tila anaifanya king'ora kikilia, magari mengine yakiwa barabarani.

Wala asichanganywe na anayeendesha ngazi. Ngazi inazunguka na kuinuka kutoka kwenye meza yake, ambayo kwenye gari hili iko mbele ya tela, juu ya pale kichwa kinapounganika. Ncha yake imelala kuelekea nyuma, juu ya kibanda. Zamani kiti na usukani wa nyuma vilikaa juu ya ngazi yenyewe, nguzo ya usukani ikipita katikati ya vidato, na ilibidi viondolewe kwanza ndipo ngazi iinuke. Mpangilio wa kuendesha mkia ni mkongwe kuliko injini ya gari. Daniel Hayes wa zimamoto ya San Francisco alipata hataza ya ngazi yake ya kuinuka mwaka 1868, na magari ya ngazi ya namna hiyo yalivutwa na farasi huku mtu akishika usukani nyuma. San Francisco mpaka leo inatumia magari ya tila, kama Los Angeles, na New York ina baadhi.

Madereva wa semi wana jambo moja litakalowashangaza. Kwao tela kujikunja dhidi ya kichwa ni ajali, na wanaokumbuka Kitonga au mteremko wa Mlima Nyoka hawahitaji kuelezwa. Gari la ngazi likifika kwenye tukio, madereva hukikunja kichwa kwa makusudi, pembe ya digrii 60 hivi kutoka kwenye mstari wa tela, ndipo wanateremsha miguu ya jeki. Kichwa kilichokaa upande kinalipatia gari upana wa kusimamia ngazi inapoelekezwa pembeni. Zaidi ya digrii 90 hairuhusiwi, kwa sababu uthabiti unapungua tena. Na dereva wa nyuma anauweka mkia penye nafasi: ngazi za mkono hutolewa kwa kuvutwa kutokea nyuma ya tela, na ile ya mita 10 hivi, hata ikiwa imekunjwa, inahitaji karibu mita 6 za wazi. Mkia ukisogezwa ukutani, au gari jingine likiegeshwa nyuma yake, ngazi zimefungiwa ndani.

Kutokana na kutoelewa dhana hii, kuna pendekezo linalorudi kila soko linapoungua, Mwanjelwa au SIDO: Jeshi la Zimamoto na Uokoaji liletewe magari yale yanayopita popote. Nia ni njema. Lakini usukani wa nyuma unatibu kona, hautibu wembamba. Gari hilo lina upana wa karibu mita 2.5, sawa na gari jingine lolote kubwa la zimamoto, na uchochoro wa mita 2 kati ya vibanda haulipitishi hata ukiwa umenyooka kama rula. Kibanda kisicho na ghorofa hakihitaji ngazi ya mita 30, kinahitaji maji na njia. Miongozo ya Uingereza inataka barabara ya gari la zimamoto iwe na angalau mita 3.7 kati ya kingo zake. Na anayelitaka gari la tila kwa ajili ya majengo marefu ya mjini ajue anaomba pia madereva wawili waliofunzwa pamoja kwa kila zamu, kwa sababu mmoja akikosekana, gari haliitikii wito.